Rogathe wa Vumari na Maji ya Alhamisi

Gari moshi lilipofika Tanga, Rogathe hakushuka mara moja. Aliwaacha wenye haraka wapite, maana magoti yalikuwa yamekaza kwa kukaa tangu Same, na mwanamke wa miaka hamsini na mitano hawezi kusukumana na vijana wenye masanduku. Alipopata nafasi alishusha kwanza mkungu wa ndizi, akashusha kikapu cha maharagwe, kisha akajishusha mwenyewe pole pole, akishika chuma cha mlango kwa mikono miwili.

Jambo la kwanza aliloliona lilimshangaza. Watu wote pale stesheni walikuwa wamejifunika. Mzee mmoja mwuza kahawa kavaa koti zito, vifungo mpaka kooni. Akina mama wamejitanda khanga mbili mbili. Hata wapagazi, watu wa kubeba mizigo kutwa, walikuwa wamejizungushia vitambaa shingoni.

"Mwanangu," alimwambia Nathanaeli aliyekuja kumpokea, baada ya shikamoo na marahaba, "hapa mjini kumeingia ugonjwa gani?"

Nathanaeli alicheka mpaka akatua kikapu chini. "Ni kipupwe, mama. Mwezi wa saba huu. Kwa watu wa pwani hii ndiyo baridi yao."

Baridi! Rogathe alikuwa ameondoka Vumari katika ukungu ambao hata kuku wanakataa kutoka nje mpaka saa nne. Alikuwa kavaa sweta la sufu la misheni, na hapo stesheni jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Akalivua, akalikunja, akalitia kikapuni juu ya maharagwe. Upepo mwororo wa baharini ukampata shingoni. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, tena nzuri sana, na mtu aliyekuja kutembea angeifurahia. Yeye hakuja kutembea.

Inanibidi niseme alikuja kufanya nini, la sivyo mtashangaa kwa nini mama mzima alikaa siku kumi na tatu akila samaki wa nazi huku roho inamwungua.

Kwetu huku Upare tuna ndiva. Ni bwawa la kuchimbwa kwa mikono, mlimani juu ya mashamba, linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka mferejini, na kila nyumba ina siku yake. Siku ya mwenzio huigusi hata kwa kikombe. Nyumba ya marehemu Lukasi, mume wa Rogathe, siku yake ilikuwa Alhamisi. Kwa maji ya Alhamisi shamba lile lilitoa maharagwe hata miezi ya kiangazi, na kwa maharagwe hayo Nathanaeli alisomeshwa shule ya misheni mpaka akawa karani wa ghala la mkonge Tanga, na tai shingoni.

Sasa, ndiva hujaa tope. Kila mwaka, Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa saba, linapigwa baragumu na watu wanatoka kulizibua. Wanaume huingia tope na majembe, wanawake hupokea tope kwa vikapu na kulipandisha ukingoni. Nyumba isiyokuwa na mguu wa mwanamume ndani ya tope siku hiyo, haina zamu. Ndivyo ilivyo, hata mkinikunjia uso. Lukasi alipokufa, Nathanaeli akiwa na miaka minane, shemeji mtu Eliezeri ndiye aliyeingia tope kwa niaba ya nyumba ile, na Rogathe akabeba vikapu. Miaka kumi na tisa. Hakuna siku ya ndiva aliyokosa, hata mwaka ule alioungua mguu.

Basi mwaka huo wa 1952, baada ya Pasaka, Eliezeri akafa. Wazee wa ndiva wakakaa kikao, wakamwita Rogathe. Mzee Simeoni, mlinzi wa ndiva, ndiye aliyesema, tena kwa upole: "Mama Nathanaeli, mwanao yu hai na ana nguvu. Siku ya kuzibua aje yeye mwenyewe, walau mara moja, tuuone mguu wake. Asipokuja, Alhamisi tutampa Gideoni, ana watoto saba na hana siku." Ndipo mwezi wa sita ikaja barua ya Nathanaeli: mama njoo Tanga kipupwe hiki, mji umepoa, uje upumzike. Rogathe akaona Mungu amemfungulia njia. Angemwambia mwanawe ana kwa ana, na angerudi naye.

Mkisema, si angemwambia pale pale stesheni akamaliza? Thubutu! Nyumbani kwao Rogathe walilelewa hivi: mgeni hataji kilichomleta mpaka mwenyeji amuulize. Siku ya kwanza unakula, ya pili unapumzika, ya tatu mwenye nyumba anakukalisha kwenye kiti na kukuuliza, "Huko utokako kuna nini?" Ukisema kabla hujaulizwa umekuwa ombaomba, na mwenyeji anaweza kukukatalia bila haya. Lakini akishakuuliza, kajifunga mwenyewe. Aliyeuliza hawezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Nathanaeli alilelewa na mama huyo huyo, nyumba hiyo hiyo. Alikuwa akiwasikia wageni wakiulizwa tangu anatambaa.

Kwa hiyo mama akangoja.

Nyumba ilikuwa Ngamiani, vyumba viwili vya kupanga, na mke wa Nathanaeli aliitwa Yudith, Mbondei wa Muheza, mwembamba, mcheshi, walikuwa wameoana mwaka uliotangulia. Huyo binti alimpokea mkwewe kwa mikono miwili. Alimchemshia maji ya kuoga. Alimkanda magoti kwa mafuta ya nazi yenye karafuu. Alimkataza kushika ufagio, na Rogathe alipouiba ufagio alfajiri ili afagie uwanja, Yudith alitoka na khanga ya kulalia akamnyang'anya huku wote wawili wakicheka.

Siku ya kwanza akala. Siku ya pili, Jumapili, wakaenda kanisani, akapumzika. Siku ya tatu jioni Rogathe alioga mapema, akavaa gauni lake la buluu, akaketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, mikono mapajani. Nathanaeli aliporudi kazini alimkuta hivyo. Akamtazama mamaye, akakitazama kiti. Akafungua kinywa. Rogathe akajiweka sawa.

"Mama," alisema Nathanaeli, "kesho nitakupeleka ukaione bahari."

Wakaenda. Nathanaeli aliomba ruhusa ya nusu siku kwa ajili hiyo, wakaenda Raskazone, wakasimama. Rogathe akaiangalia bahari kwa muda mrefu, mkono umekinga macho.

"Maji yote haya," alisema, "ya nani?"

"Si ya mtu, mama. Ni ya wote."

"Na wanayapeleka mashambani?"

"Yana chumvi. Hayafai."

"Haya," alisema Rogathe, na akaomba warudi, maana miguu ilikuwa inamuuma.

Kuanzia hapo ikawa kila siku lipo jambo. Leo soko la Ngamiani, kesho bandarini kutazama mizigo ya mkonge inavyopandishwa melini. Kesho kutwa kwa mpiga picha Mhindi, Rogathe akakalishwa mbele ya pazia lililochorwa maua na akaambiwa asipepese. Yalinunuliwa madafu, yakanunuliwa machungwa ya Muheza, zikanunuliwa kandambili za ngozi ambazo hakuzivaa kwa kuzihurumia. Jioni Nathanaeli aliingia na habari tele: mzungu wa kazini kafanya hivi, meli kutoka Mombasa imeleta vile. Alizungumza bila kupumua. Akiishiwa alichukua gazeti. Akimaliza gazeti alilianza upya.

Rogathe alikuwa anahesabu siku. Alilala na kuamka na Jumatatu ile. Nane zimebaki. Saba. Alijiambia, mtoto amechoka na kazi, kesho ataniuliza. Alijiambia, amesahau, mji umemsahaulisha, si kosa lake. Akatafuta njia za kumkumbusha. Alitaja jina la marehemu Eliezeri wakati wa kula. "Mungu amrehemu," alisema Nathanaeli, akaongeza mchuzi.

Na liko jambo jingine lililomtesa zaidi, ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa anapapenda. Alikuwa analala! Huko Vumari usingizi wake ulikuwa wa kuvizia, sikio moja kwenye mvua na jingine kwenye mbuzi. Hapa Ngamiani alilala usiku mzima katika hewa ile ya vuguvugu isiyo na mbu wengi, akaamka jua limekwisha kuchomoza, watu barabarani, na akabaki kitandani akiona haya. Alikuwa hajui kama mwili wake umechoka kiasi hicho. Ulikuwa kama mtu aliyebeba gogo mbali, ambaye hujua uzito wake akishalitua. Mgongo ulimlegea, magoti yakapoa, na kila alipojisikia nafuu alikasirika, akaona anamwibia marehemu mumewe.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Alhamisi. Tangu asubuhi roho yake ilikuwa Vumari. Alikuwa amemwachia Gideoni jirani amwelekezee maji shambani, na akawa anawaza kama amekumbuka kuziba mfereji wa chini. Jioni Nathanaeli alikuwa kitini na gazeti lake, na Rogathe na Yudith wameketi mkekani wakichambua mchele. Yudith akaacha kuchambua.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mimi nakuona siku zote hizi. Unacheka, lakini una jambo moyoni. Huko nyumbani kuna nini?"

Gazeti lilitulia. Rogathe alimwangalia yule binti. Hakuwa Mpare, hakujua anachokifanya, alikuwa ameuliza kwa huruma tu. Lakini swali ni swali, na lilikuwa limeulizwa ndani ya nyumba na mtu wa nyumba. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

Akaeleza yote. Eliezeri, kikao, tope, Jumatatu. Alieleza kwa utaratibu kama alivyokuwa amejipangia usiku mwingi, na mwishoni akasema, "Siombi arudi kuishi. Naomba siku moja. Aingie tope, wamwone, atoke, apande gari arudi kazini kwake."

Yudith aligeuka kumtazama mumewe. "Umesikia?"

Nathanaeli alilikunja gazeti mara mbili, akalikunja tena. "Yudith hajui alichouliza," alisema.

"Sijui nini? Nimeuliza kwa Kiswahili, tena nyumbani kwangu."

"Kwetu ukiuliza unajifunga. Aliyeuliza ni wewe." Akainama. "Mimi sikuuliza."

Lo! Kumbe hakusahau. Kumbe mji haukumsahaulisha chochote. Siku zote kumi na tatu, bahari na soko na mpiga picha, mwanawe alikuwa analikimbia swali moja, kwa kuwa alijua asipouliza mama yake hatasema. Desturi aliyomfundisha kwa maziwa yake ndiyo hiyo mwanawe aliyomfungia mdomo. Iliuma, nawaambieni. Iliuma kuliko kama angekataa wazi.

"Mama, umechoka," Nathanaeli alisema haraka. "Jitazame. Mpaka lini? Kaa hapa na sisi. Lile shamba la nini sasa?"

"Nimechoka," alijibu Rogathe. "Nani kasema sijachoka? Jumamosi nakwenda zangu."

Yudith akaurudisha mchele uliokuwa mkononi. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi niliyeuliza nimejifunga kufanya nini?"

"Hujajifunga kitu, mwanangu. Wewe si wa desturi hiyo."

"Mimi si mke wa nyumba ya Lukasi?" alisema Yudith. "Basi tutakwenda wote."

Nathanaeli akasema hawezi kupata ruhusa. Mkewe akamuuliza kama ameiomba. Akasema hawatampa. Jumamosi asubuhi alisimama nje ya dirisha la behewa, tai yake imepinda, akampa mamaye chakula cha njiani na kumwambia kwaheri mara tatu. Rogathe alimjibu zote tatu. Alikuwa hana nguvu ya kumgombeza, na alimpenda vile vile, jambo ambalo nalo lilimchosha.

Walifika Same jioni, wakalala kwa Eliwaza, binamu wa Rogathe, na Jumapili wakapanda mlima. Kwa mwenye miguu ya kule ni mwendo wa saa tatu. Wao walitumia siku nzima. Yudith alikuwa na viatu vya mjini. Mwisho alivivua akavibeba. Walipoingia kwenye ukungu meno ya Yudith yakaanza kugongana, Rogathe akampa lile sweta la misheni. "Mama, hii ndiyo baridi yenu?" alisema Yudith, midomo imekufa ganzi. "Na watu wanaishi humu?" Rogathe akacheka, cheko la kwanza tangu Alhamisi. Kila hatua magoti yake yalikuwa yakimkumbusha kipupwe cha Tanga.

Jumatatu baragumu lilipigwa mapema. Walipofika ndivani wanaume walikuwa tayari ndani, tope mpaka magotini, wanawake wamejipanga ukingoni na vikapu. Watu walipomwona Rogathe waliacha kuimba. Si kwamba walikasirika. Waliona haya, na yeye akaliona hilo, asijue sababu.

Mzee Simeoni alipanda kutoka kwenye tope, akajipangusa mikono kwenye kaptula.

"Mama Nathanaeli. Hatukujua kama utarudi."

"Nisirudi niende wapi? Leo si siku ya ndiva?"

Simeoni akakohoa. Akamtazama Gideoni, naye Gideoni akatazama tope. "Barua ilisema utakaa Tanga," alisema mzee.

"Barua gani?"

Mzee yule alikuwa ameiweka katika kopo la chai pamoja na karatasi nyingine za ndiva, na kopo lilikuwa pale chini ya koti lake, kwa kuwa leo ndiyo siku ya kuzipa nyumba siku zao. Akaitoa, akavaa miwani. Hakutaka kuisoma, lakini Rogathe alikuwa amesimama mbele yake na haendi popote. Akaisoma mbele ya watu wote.

Nathanaeli mwana wa Lukasi alikuwa amepata barua ya mzee Simeoni kuhusu zamu ya Alhamisi. Anashukuru. Yeye ana kazi na hawezi kuja. Mama yake amechoka, na hatakubali kupumzika maadamu zamu ipo. Kwa hiyo zamu apewe mwingine mwenye haja. Mama atamwita Tanga kipupwe na kumweka huko. Tafadhali asiambiwe, atamwambia mwenyewe.

"Ya lini?" aliuliza Rogathe.

"Tarehe tisa mwezi wa tano."

Yeye alikuwa ameitwa mwezi wa sita. Akapiga hesabu hiyo ndogo pale aliposimama, mbele za watu, na kila mtu alimwona akiipiga. Kabla hajaalikwa ilikuwa imekwisha. Alipokuwa anafunga maharagwe kumpelekea, ilikuwa imekwisha. Aliketi kwenye kile kiti cha mbao na gauni la buluu kusubiri swali juu ya kitu ambacho mwanawe alikwisha kukitoa.

"Jamani," alisema.

Hapo ndipo Yudith alipofanya kituko kinachozungumzwa Vumari mpaka leo. Alilivua lile sweta, akapandisha gauni akalifunga kiunoni kwa khanga, akamnyang'anya mtu jembe, akaingia tope. Wanaume waliguna. Mmoja akasema, "Ebo! Mwanamke!" Binti yule hakugeuka. Alikuwa anatetemeka kwa baridi na kwa hasira, na alichimba vibaya, akijirushia tope mwenyewe.

"Mimi ni mke wa nyumba ya Lukasi," alisema, akihema. "Mnataka mguu, mguu huu hapa. Aliyeandika barua yuko Tanga na tai yake."

Wazee wakakusanyika pembeni. Wakanong'ona, wakabishana, mikono ikarushwa huku na huku. Ilikuwa haijawahi kutokea. Huku nyuma jembe la Yudith liliendelea, polepole. Mwisho Simeoni akarudi, na sasa uso wake ulikuwa umelegea.

"Mama Nathanaeli," alisema, "umetubebea tope miaka mingi, na hakuna asiyelijua hilo. Mwaka huu tutafumba macho. Barua tutaiona kama haikuja. Mkwe wako ameingia tope, aje na mwakani, na mwaka wa mbele yake. Alhamisi ni yako."

Gideoni alikuwa amesimama karibu. Alisema, "Ni haki, mama," na kwa kweli alimaanisha, maskini, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

Kwa hiyo alikuwa ameipata zamu yake. Rogathe alishuka hatua mbili kwenda ukingoni. Alitaka kumwambia Yudith atoke, kwamba wameshinda. Yudith alikuwa amesimama kuvuta pumzi, akifungua na kufunga viganja, na viganja vilikuwa vimechubuka. Usoni alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Akamtabasamia mkwewe. "Bado nina nguvu, mama," alisema, na Rogathe akajiona mwenyewe, msichana, kisha mjane, akisema maneno hayo hayo ukingo ule ule. Aje na mwakani. Na mwaka wa mbele yake. Kutoka Tanga, kila kipupwe, na siku moja na mtoto mgongoni.

"Toka mwanangu," alisema. "Toka. Inatosha."

Akamshika mkono akamvuta. Kisha akamgeukia Simeoni.

"Mzee, una kalamu?"

"Ninayo."

"Na karatasi. Andika." Sauti yake ilikuwa chini, lakini ilisikika ndivani kote. "Andika kwa Nathanaeli. Mwambie barua yake tumeiona, haikuwa na kazi. Mwambie zamu ya Alhamisi wazee walinirudishia."

Simeoni akaandika, karatasi kaiweka juu ya lile kopo.

"Sasa andika kwamba amepewa Gideoni. Hapana, usiandike amepewa na wazee. Andika nimempa mimi. Mimi Rogathe, mke wa Lukasi, niliyeibebea tope miaka kumi na tisa ya ujane. Nathanaeli alitoa kitu ambacho hakikuwa chake. Nimechoka, kweli, lakini uchovu ni wangu, si wake kuutangaza. Andika na tarehe ya leo."

"Mama," alisema Gideoni, "na shamba lako?"

"Utaniachia mfereji kwa saa moja, mboga zangu zipate. Kwingine Mungu atanyeshea."

Gideoni akaitikia kwa kichwa, akarudi topeni, na wanaume wengine wakarudi, na jembe moja likaanza, na jingine. Mwanamke mmoja akamletea Rogathe kikapu chake kwa mazoea, bila kufikiri. Rogathe alikitazama, akakirudisha.

"Leo sibebi," alisema.

Akaketi ukingoni kwenye majani yenye umande, Yudith kando yake amejifunika sweta, na akanyoosha miguu yote miwili. Alilia kidogo, wala hakujificha. Alikuwa hajawahi kuiona kazi ile kutoka pale. Tangu aolewe, siku zote alikuwa chini ya kikapu, anaona visigino vya aliyemtangulia. Akakaa akiangalia wenzake wakipanda na kushuka, mpaka jua likatoboa ukungu.